Ujamaa: Dhana Iliyotafutiwa Picha

Sarufi hutenga nomino za dhahania na nomino za vitu. Jembe hushikika, utu haushikiki. Mwaka 1971 mwanasaikolojia Allan Paivio wa Kanada alieleza kuwa neno la kitu huhifadhiwa akilini kwa njia mbili, kama neno na kama picha, ilhali neno la dhana hutegemea zaidi maneno wenziwe. Kwa hiyo “jembe” hukumbukwa upesi kuliko “haki”. Hata hivyo, dhana ina makao yake: mwaka 1975 Elizabeth Warrington wa London aliandika habari za mgonjwa aliyefafanua vyema maneno ya dhana, huku majina ya vitu vya kila siku yakimponyoka.

Dhana isiyo na picha hutafutiwa picha. Neno “ujamaa” ni ushahidi. Jamaa ni mtu mwenye uso na mlango wa kubishia hodi. Kiambishi u- kikamfanya kuwa hali. Aprili 1962 Mwalimu Nyerere aliiita siasa yake kwa neno hilo, akiisimika juu ya ukoo. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, andiko la Ujamaa Vijijini, Septemba mwaka huohuo, likaipa dhana mahali: kijiji chenye shamba la pamoja.

Lakini watu wa Handeni na Korogwe walikwisha kuwa na picha zao. Handeni, Wazigua wengi walikaa katika vitongoji vilivyotawanyika. Korogwe, shamba kubwa lilimaanisha mkonge, zao lililoletwa na Richard Hindorf mwaka 1893: ardhi ya bwana, siku za kazi zikihesabiwa kwa kipande. “Shamba letu sote” lilipaswa kwanza kuifuta picha hiyo.

Novemba 1973 kuishi vijijini kukawa amri. Likaja lori, zikaja nyumba za mstari. Sheria ya mwaka 1975 ilitofautisha kijiji na kijiji cha ujamaa, lakini tofauti ya karatasini haishindani na jambo lililoonwa kwa macho.

Mshairi atumiaye “uhuru”, “amani” au “utu” hana budi kujiuliza msomaji wake anaona nini. Wazee wawili wa wilaya moja huweza kulisikia neno “ujamaa” kwa pamoja: mmoja akaona ndugu zake, mwingine akaona lori.