Sindano na Tezi za Kifua: Utambuzi wa Kifua Kikuu katika Nyanda za Njombe na Makambako

Historia ya uchukuaji wa sampuli katika tezi za limfu za kifua ilisukumwa zaidi na saratani ya mapafu kuliko kifua kikuu. Mwaka 1949 Eduardo Schieppati wa Argentina alieleza namna ya kudunga sindano kupitia ukuta wa njia ya hewa. Miaka 10 baadaye Eric Carlens wa Uswidi alipasua juu ya kidari na kupitisha chombo cha kutazamia. Mwanzoni mwa karne ya 21, Kazuhiro Yasufuku na wenzake nchini Japani walitumia bronkoskopu yenye ultrasaundi nchani, wakaiona sindano ikiingia ndani ya tezi. Kabla ya hapo daktari alidunga kwa kukisia. Swali lao kuu lilikuwa saratani imeenea hadi wapi.

Njombe swali lilikuwa jingine. Tangu enzi za ukoloni, vijana wa nyanda hizo walihama kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Kisha barabara ya Zambia na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, zikaifanya Makambako kuwa njiapanda ya wasafiri. Mwaka 1977 ulianzishwa Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, ambao Karel Styblo alichangia sana kuujenga. Nguzo yake ilikuwa uchunguzi wa makohozi kwa hadubini. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki, kwa kuwa mwenye bakteria katika makohozi ndiye anayeambukiza zaidi, na hadubini ilipatikana hata wilayani. Hata hivyo, mgonjwa ambaye maradhi yake yamejificha katika tezi zilizo kati ya mapafu hakuwa na makohozi ya kumshuhudia.

UKIMWI uliwaongeza wagonjwa wa namna hiyo, maana kinga inapodhoofika makohozi mara nyingi huonekana safi ilhali tezi zimevimba. Utafiti wa kitaifa wa 2011–12 ulikuta maambukizi ya VVU Njombe kuwa asilimia 14.8 ya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wakati wastani wa Tanzania Bara na Zanzibar kwa pamoja ulikuwa asilimia 5.1. Mkoa wenyewe ulimegwa kutoka Iringa mwaka 2012.

Maabara ilisonga mbele upesi kuliko sindano. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha kipimo cha GeneXpert mwaka 2010, na mwaka 2013 likakipendekeza pia kwa sampuli za tezi. Lakini mashine hupima kile tu inacholetewa. Tezi ya shingo hudungwa wodini kwa sindano ya kawaida. Ile iliyo chini ya mgawanyiko wa njia ya hewa hudai bronkoskopu, dawa za usingizi, usafishaji makini wa vifaa na mtaalamu wa kusoma seli. Vikikosekana hivyo, tabibu husoma picha ya eksirei na kuanzisha dawa za miezi sita kwa dhana. Dhana hiyo mara nyingi ni sahihi. Isipokuwa sahihi, limfoma huendelea kukua huku mgonjwa akimeza rifampisini kila asubuhi.