Rusizi: Mwanafunzi wa sekondari ana nafasi gani ya kuingia chuo kikuu chenye ushindani mkali?

Matokeo ya mtihani wa taifa wa mwaka wa sita wa sekondari yanapotangazwa mjini Kigali, swali huwa lilelile katika nyumba nyingi za Kamembe, Mururu na Bugarama: je, alama hizi zinatosha? Wazazi hutaka jibu la namba moja, na namba za namna hiyo hazikosekani. Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, kwa mfano, kilipokea maombi 54,008 kwa ajili ya darasa lililoanza masomo mwaka 2024, na kikawakubali waombaji 1,937, yaani chini ya wanne katika kila mia.

Namba hiyo ni ya kweli, lakini haimwelezi mwanafunzi wa Rusizi nafasi yake. Ni wastani unaowachanganya watoto wa waliowahi kusoma chuoni hapo, wanamichezo waliotafutwa na makocha, waombaji wa Kimarekani na wale wa kutoka nje. Kwa kijana anayesoma Groupe Scolaire Gihundwe au Seminari Ndogo ya Mtakatifu Aloys, yanayopima nafasi yake ni mambo mengine: masomo aliyochagua akiwa na umri wa miaka 15 au 16, lugha anayoandikia, nani atalipa, na tarehe. Mengi kati ya hayo huwa yamekwisha kuamuliwa kabla hajaketi kwenye chumba cha mtihani.

Kufuzu si kuchaguliwa

Chuo Kikuu cha Rwanda, kilichoundwa mwaka 2013 kwa kuunganisha taasisi saba za umma, kina kiwango cha chini kinachofahamika: mwombaji awe amefaulu angalau masomo mawili ya msingi katika mtihani wa mwaka wa sita, tena masomo yanayohusiana na fani anayoiomba. Wazazi wengi huisoma kanuni hiyo kama ahadi, ingawa kazi yake ni kumruhusu mwanafunzi kuingia kwenye foleni tu. Baada ya hapo waombaji hupangwa kwa alama, fani kwa fani, na nafasi zinapokwisha foleni hukatwa. Katika udaktari wa binadamu hukatwa juu sana. Katika fani nyingine hukatwa chini zaidi, na kijana aliyekosa ya kwanza hujikuta ametupwa kwenye chaguo lake la tatu, ambalo pengine aliliandika ili kujaza fomu.

Kenya ina mfano unaofanana na huu. Huko kiwango cha chini cha kuingia chuo kikuu ni wastani wa C+ katika mtihani wa KCSE, lakini kila mzazi anajua kuwa C+ haimpeleki mtoto kwenye udaktari wala sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Nchini Rwanda tofauti hiyo kati ya kizingiti na alama ya mwisho iliyokubaliwa haizungumzwi sana majumbani, na ndiyo chanzo cha masikitiko mengi ya baada ya matokeo.

Mlango wa udaktari hufungwa mapema kuliko mingine. Asiyesoma biolojia na kemia kama masomo ya msingi hawezi kuomba, hata akiwa na alama za juu kabisa katika historia, jiografia na uchumi. Kwa miaka mingi uamuzi huo ulifanywa mwanafunzi alipoingia mwaka wa nne na kupewa mchepuo, uwe PCB, MCB, HEG au mwingine. Kuanzia mwaka wa masomo wa 2025 hadi 2026, michepuo hiyo imeanza kubadilishwa na njia tatu pana: hisabati na sayansi, sanaa na masomo ya jamii, na lugha. Milango imepungua, na hilo huenda likawapunguzia watoto wa miaka 15 mzigo wa kuchagua. Hata hivyo, anayeingia njia ya lugha bado ameipa udaktari mgongo.

Wilayani Rusizi ipo pia njia ya TTC Mururu, chuo cha kuwaandaa walimu wa shule za msingi. Anayeichagua anapaswa kujua kwamba, kwa sera ya serikali, mhitimu hutakiwa kwanza kufundisha kwa miaka 3 ndipo apate ufadhili wa kuendelea na shahada ya ualimu. Si njia mbaya. Ni ndefu, na ni vyema ijulikane hivyo tangu mwanzo.

Chuo kingine kinachotajwa sana na wanafunzi wa sayansi ni Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Usawa wa Afya, UGHE, kilichoko Butaro, wilaya ya Burera. Darasa lake la kwanza la udaktari, mwaka 2019, lilikuwa na wanafunzi 30, thuluthi mbili kati yao wakiwa wasichana. Darasa dogo kiasi hicho haliingiliki kwa alama peke yake. Waombaji huandika insha, huhojiwa, na huulizwa wamewahi kufanya nini katika jamii zao. Masomo hulipiwa, nao wahitimu huahidi kuitumikia sekta ya afya kwa miaka kadhaa. Kwa msichana wa Bugarama mwenye alama nzuri za biolojia na kemia, UGHE inastahili kutazamwa kwa makini kuliko vyuo vingi vya ng'ambo vyenye majina makubwa.

Kukubaliwa na kulipiwa ni mambo mawili

Katika vyuo vya umma, barua ya kukubaliwa haiji na fedha. Mkopo wa masomo huombwa kwa utaratibu wake, na tangu mwaka 2015 usimamizi wa mikopo hiyo uko mikononi mwa Benki ya Maendeleo ya Rwanda, BRD. Kila mwaka wapo wanafunzi wanaokubaliwa kisha wasiripoti chuoni, kwa sababu waliomba nafasi wakasahau kuomba mkopo, au waliomba mkopo wakanyimwa.

Kwa vyuo vya Marekani suala la fedha huigeuza hesabu nzima. Gharama ya mwaka mmoja katika vyuo vikubwa vya binafsi hupita dola 80,000, na hakuna mshahara wa mwalimu wala faida ya duka la Kamembe inayoweza kuzilipa. Kwa hiyo karibu kila mwombaji kutoka Rusizi ataomba msaada kamili. Hapo vyuo hugawanyika makundi mawili. Vyuo vilivyo vingi hutazama mfuko wa mwombaji wa kigeni wakati wa kuamua. Akihitaji msaada mkubwa, nafasi yake hupungua, hata kama alama zake zinapita za jirani yake anayejilipia. Vyuo vichache huamua kwanza kama mwanafunzi anafaa, bila kuuliza uwezo wake wa kifedha, kisha hujaziliza upungufu wote. Miongoni mwa hivyo ni Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin.

Matokeo yake ni jambo la kushangaza kidogo: vyuo vigumu kuliko vyote kuviingia ndivyo ambavyo umaskini hauhesabiwi dhidi ya mwombaji. Chuo cha wastani kinachokubali nusu ya waombaji wake kinaweza kuwa kigumu zaidi kwa mtoto wa mvuvi wa Ziwa Kivu kuliko kinavyoonekana kwenye takwimu, kwa sababu nusu hiyo ni ya wanaojilipia. Anayepanga orodha ya vyuo kwa kutazama asilimia peke yake atajidanganya pande zote mbili.

Zipo gharama ndogo ambazo nazo huwarudisha nyuma wengi. Ada ya kutuma maombi kwa chuo kimoja huwa kati ya dola 75 na 90, ingawa vyuo vingi huisamehe kwa mwombaji anayeeleza hali yake. Mtihani wa SAT, ambao Harvard, Yale, MIT, Dartmouth na Brown vimerudi kuudai baada ya kuusitisha wakati wa janga la korona, humgharimu mtahiniwa wa nje ya Marekani zaidi ya dola 100, sawa na zaidi ya faranga 140,000 kwa viwango vya mwaka 2025, na msamaha wa ada hiyo ni kwa wanafunzi wa Marekani tu. Tangu mwaka 2023, nje ya Marekani, mtihani huo hufanywa kwa kompyuta. Mwanafunzi wa Rusizi anayekwenda kuufanyia Kigali husafiri zaidi ya kilomita 200 kupitia msitu wa Nyungwe, hulala kwa ndugu au kwa kulipia, kisha hurudi. Mwenzake wa Kigali huamka asubuhi na kupanda pikipiki.

Kufuli la zamani

Anayewasikiliza wazee wa Rusizi wakizungumzia shule atasikia tahadhari ambayo vijana hawaielewi mara moja. Chini ya utawala wa Rais Juvénal Habyarimana, nafasi za sekondari na za Chuo Kikuu cha Taifa mjini Butare ziligawanywa kwa sera iliyoitwa iringaniza, iliyozingatia kabila na eneo alikotoka mwanafunzi. Kitambulisho kilitaja kabila, na maeneo ya kaskazini yalipendelewa. Mtoto wa Cyangugu aliweza kupata alama nzuri na jina lake lisionekane kwenye orodha, bila maelezo.

Waliokuwa wakizungumza Kiswahili walikuwa na kufuli la ziada, la tangu enzi za Wabelgiji. Shule nyingi zilikuwa mikononi mwa wamisionari, na familia za Kiislamu, zilizokuwa zimewekwa katika vitongoji vyao vilivyoitwa kambi za Waswahili, ziliogopa kuwapeleka watoto mahali ambapo masomo na ubatizo vilikwenda pamoja. Wengi waligeukia biashara, udereva na ufundi. Ndiyo maana katika familia kadhaa za Bugarama na Kamembe mwanafunzi wa leo hana shangazi wala mjomba aliyewahi kujaza fomu ya chuo kikuu, na pengo hilo halijitokezi kwenye takwimu yoyote ya udahili.

Baada ya mwaka 1994 sera ya iringaniza ilifutwa, na nafasi zikaanza kutolewa kwa matokeo ya mtihani mmoja wa taifa, ambao sasa unasimamiwa na NESA. Ni badiliko kubwa kuliko wanavyodhani waliozaliwa baadaye. Kwa upande mwingine, mtihani mmoja kwa wote hufanywa na watoto wasiokuwa na maabara moja.

Kiswahili kinahesabiwa?

Kiswahili kiliwekwa na sheria kuwa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, na hufundishwa katika sekondari. Mwanafunzi anayekizungumza nyumbani ana faida ya wazi akitaka kusomea lugha na ualimu katika Chuo cha Elimu cha Chuo Kikuu cha Rwanda. Katika maombi ya ng'ambo hakimpi alama za bure. Kinachoweza kumsaidia ni kile alichokifanya kwa lugha hiyo: kuwatafsiria wagonjwa waliovuka kutoka Bukavu, kumwekea mama hesabu za biashara ya mpakani, kuwafundisha watoto wa madrasa kusoma. Vyuo vinavyosoma insha hutafuta mambo ya namna hiyo, na mara nyingi waombaji huyaacha kwa kudhani si makubwa, wakaandika badala yake kuhusu ndoto zao.

Kiingereza ndicho kizuizi halisi. Ndiyo lugha ya mtihani na ya mihadhara, na kwa mtoto wa mpakani aliyekua na Kinyarwanda, Kiswahili na pengine Kimashi, huwa ni lugha ya tatu au ya nne.

Wapo wanaotazama ng'ambo ya mto. Bukavu ina Chuo Kikuu cha Kikatoliki kilichoanzishwa mwaka 1989 pamoja na vyuo vya serikali, na kwa mfumo wa Kongo mwenye diploma ya mtihani wa serikali hupata mlango mpana wa kuingilia. Mchujo mkali huja mwishoni mwa mwaka wa kwanza. Hata hivyo tangu Februari 2025, mji huo ulipotwaliwa na waasi wa M23, mipango ya masomo ya miaka mitatu au minne huko imekuwa ya mashaka, na shahada ya nje huhitaji kutambuliwa na Baraza la Elimu ya Juu la Rwanda.

Tarehe

Mtihani wa mwaka wa sita hufanywa Julai. Matokeo yamekuwa yakitoka nyakati tofauti: Desemba mwaka 2023, Novemba mwaka 2024, Septemba mwaka 2025. Vyuo vya Marekani hufunga maombi ya mapema karibu Novemba 1 na ya kawaida mwanzoni mwa Januari. Anayesubiri matokeo ndipo aanze kuandaa barua za walimu, ripoti za mihula na mtihani wa Kiingereza huwa amechelewa kwa mwaka mzima. Barua hizo huandikwa vizuri zaidi na mwalimu aliyeombwa kabla shule haijafungwa, si aliyepigiwa simu akiwa likizoni.

Hatua ya mwisho ni viza, na hapo uraia huingia kwenye hesabu. Agizo la rais wa Marekani la Juni 2025 lilisitisha viza za wanafunzi kwa raia wa Burundi, jambo linalowagusa vijana wa Kirundi wanaosoma katika shule za Rwanda, hata walio na barua ya kukubaliwa. Kwa wakimbizi, mpango wa DAFI wa shirika la UNHCR, unaogharimia masomo ya chuo kikuu katika nchi wanakoishi, hautegemei viza hiyo.