Maandishi Juu ya Chuma

Juma hili tutafakari maandishi ambayo wengi wetu hatukufundishwa kuyasoma: alama za makombora ya zamani ya mizinga.

Wilaya zetu za Biharamulo na Ngara zimeona majeshi na wakimbizi wengi. Boma la Biharamulo, lililojengwa na Wajerumani, lilitekwa Juni 1916 na jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo, lililoendelea hadi Tabora. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja tu. Ng'ambo nyingine ya mpaka, Burundi ilikuwa nayo vitani. Na vita hupita, chuma chake kikabaki.

Kombora huwa na alama za namna mbili. Ya kwanza ni rangi. Katika majeshi mengi ya Magharibi, buluu humaanisha kombora la mazoezi, na alama za manjano humaanisha baruti kali. Warusi waliyaandika yao yasiyo na baruti kwa neno la lugha yao. Ya pili ni mihuri iliyogongwa katika chuma chenyewe: kipenyo kwa milimita, kiwanda, mwaka na namba ya toleo. Tena karibu na kitako huzungushiwa mkanda wa shaba. Mkanda huo ukiwa na michirizi ya mshazari, kombora limekwisha kupita katika mtutu. Yaani lilifyatuliwa, likaanguka, na huenda halikulipuka. Hilo ndilo la kuogopwa zaidi.

Je, basi tukiona buluu tutulie? Hasha. Rangi huchunika, kutu hufuta maandishi, na jua hupausha manjano. Isitoshe, makombora mengi ya mazoezi hutiwa baruti kidogo ya kutoa moshi au mwako, ili mpiga mzinga aone lilipoangukia. Baruti hiyo kidogo yatosha kuukata mkono wa mtu. Alama yaweza kututia hofu. Haiwezi kamwe kutuondolea hofu. Iliandikwa kwa ajili ya askari aliyesomea kazi hiyo, wala si kwa mchunga mbuzi.

Tunalisema hili kwa uchungu. Tarehe 8 Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga wilayani Ngara, bomu la kutupwa kwa mkono lililipuka kati ya wanafunzi. Watoto 5 walifariki na wengine zaidi ya 40 walijeruhiwa. Mtoto aliyeliokota alidhani ni chuma chakavu. Alikiona kile ambacho sisi wakubwa tulimzoesha kukiona: kilo, mizani na shilingi.

Kwa hiyo jukumu la kwanza ni letu. Tunaponunua chuma kutoka mikononi mwa watoto bila kuuliza kimetoka wapi, tunawatuma porini. Tuwafundishe jambo moja lililo jepesi kuliko alama zote: chuma usichokijua usikiguse, usikipige jiwe, usikichome moto, usikibebe. Weka alama kwa mbali, kisha mwarifu mwalimu, mwenyekiti wa kijiji au polisi, ili wanajeshi wenye utaalamu waitwe.

Kusoma maandishi yale ni kazi yao. Kazi yetu ni kuwalinda watoto.