Pugu: Shule ya Mapadre Iliyotaifishwa na Mwalimu Wake

Katika nchi hii hakuna shule ya Kanisa ambayo mwisho wake una kisa cha kushangaza kama St. Francis ya Pugu. Majengo hayakubomolewa wala wanafunzi hawakutawanyika. Kilichofika mwisho ni shule ya Kikatoliki, na sheria iliyoimaliza ilitoka kwa serikali ya mtu aliyewahi kushika chaki humo humo.

Misheni ya Pugu ilianza mwaka 1888, ikifunguliwa na Wabenediktini wa St. Ottilien kutoka Ujerumani chini ya Padre Bonifaz Fleschutz. Haikumaliza hata mwaka mmoja kwa amani. Januari 1889, vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vilipopamba moto pwani, misheni ilivamiwa, mabruda wawili na sista mmoja wakauawa, na wengine wakachukuliwa mateka. Wamisionari waliobaki wakahamia Dar es Salaam.

Shule yenyewe, iliyokuja baadaye hapo Pugu, ilipata jina kubwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakati Askofu Edgar Maranta, Mkapuchini kutoka Uswisi, alipokuwa akiongoza Kanisa la Dar es Salaam. Pugu ikawa ngazi ya vijana Wakatoliki waliotaka mtihani wa Cambridge na, baada ya hapo, Makerere. Benjamin Mkapa alipita hapo katikati ya miaka ya 1950. Wilayani Kisarawe jirani yake alikuwa Minaki, shule ya Waanglikana iliyohamishwa kutoka Kiungani, Zanzibar, mwaka 1925. Shule mbili za madhehebu mawili katika vilima vile vile, na nje ya mageti yake Wazaramo ambao wengi wao walikuwa Waislamu.

Julius Nyerere alifika Pugu mwanzoni mwa 1953, akiwa amerudi kutoka Edinburgh na ametoka kufunga ndoa na Maria. Aprili mwaka huo alichaguliwa rais wa Tanganyika African Association (TAA), na kuanzia hapo akawa mtu wa kazi mbili. Simulizi za TANU zinamkumbuka akitembea kwa miguu kutoka Pugu hadi mjini, takriban kilomita ishirini kupitia Gongo la Mboto na Ukonga, kwenda kukutana na wenzake wa TAA kina Abdulwahid Sykes Kariakoo, kisha akirudi kuwahi vipindi. TANU ilipozaliwa kutoka TAA tarehe 7 Julai 1954, rais wake alikuwa bado mwalimu wa shule ya mapadre. Machi 1955 alihutubia Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York. Aliporejea ilimbidi achague ualimu au siasa. Akaandika barua ya kujiuzulu.

Miaka 14 baadaye ikaja Sheria ya Elimu ya 1969, na shule za mashirika ya dini zikaanza kuingia mikononi mwa serikali. Seminari zilisalimika, maana kazi yake ilikuwa kulea mapadre. Pugu haikusalimika, wala St. Mary's ya Tabora, ambako Nyerere alifundisha kabla ya kwenda Uingereza. Hiyo ikaitwa Mihayo. Marian College ya Morogoro ikawa Kilakala. Jina la St. Francis nalo likaondoka, ikabaki Pugu Sekondari.

Waliosoma enzi za mapadre waliumia, na wana haki ya kuumia: nidhamu ile ilijengwa kwa jasho la watu walioacha kwao. Lakini uamuzi ulikuwa wa haki. Nchi haikuweza kuendelea na elimu ambayo mlango wake ulifunguka kwa urahisi zaidi kwa aliyebatizwa, huku mtoto wa Kizaramo akiitazama shule iliyo kwenye ardhi ya babu zake.

Kwa msomaji wa Picha ya Ndege, Kibaha, kuna jambo la ziada. Januari 1970, siku ambazo mkono wa serikali ulikuwa ukishika shule za misheni, hapo Kibaha nchi za Nordiki zilikabidhi Tanzania mradi zilioufungua miaka ya 1960, ambao leo ni Shirika la Elimu Kibaha. Huko yalikuwa makabidhiano ya hiari. Kule Pugu sheria ndiyo iliyoamua.

Mwaka 1992 serikali na makanisa yalitiliana saini hati ya makubaliano kuhusu huduma za elimu na afya, na shule za sekondari za Kikatoliki zimeongezeka tangu hapo. Pugu imebaki shule ya serikali.