Mshika mbili kwenye bodi ya sentimita 17

Leo tuache kidogo mambo ya kuandika programu, tufungue kasha la kompyuta. Rafiki yangu mmoja aliniuliza anunue bodi mama gani iliyo ndogo. Anataka kompyuta ya kukaa chini ya televisheni sebuleni, iwe kimya, icheze sinema bila kukwama. Halafu watoto wakilala, aisukume prosesa ikimbie kuliko kasi iliyopangiwa kiwandani, jambo ambalo mafundi huliita ovakloki. Nikamjibu kwa haraka: mshika mbili, moja humponyoka.

Baadaye nikalifikiria jibu langu. Lilikuwa kweli kwa miaka mingi, lakini mwaka 2011 likaacha kuwa kweli. Hadithi ya jinsi lilivyobadilika itakusaidia ukienda dukani, kwa hiyo kaa nami kidogo.

Tuanze na vipimo. Mwaka 1995 Intel ilitoa kipimo cha ATX: milimita 305 kwa 244. Mwaka 1997 ikaja microATX, milimita 244 kila upande. Kisha mwaka 2001 kampuni ya VIA ya Taiwan ikatoa Mini-ITX, milimita 170 kwa 170. Piga hesabu uone: eneo lake halifiki asilimia 40 ya eneo la ATX. Lakini VIA walifanya jambo la busara. Matundu manne ya skrubu waliyaweka mahali pale pale yalipo kwenye ATX, kwa hiyo bodi ndogo iliweza kufungwa hata ndani ya kasha kubwa la zamani.

Mwaka 2002 bodi za VIA ziitwazo EPIA zikaingia sokoni. Prosesa ilichomelewa papo hapo kwenye bodi, na EPIA 5000 yenye megahezi 533 haikuhitaji feni hata kidogo. Wapenzi wa kompyuta wakaanza kuziweka ndani ya redio kuukuu na visanduku vya kila aina. EPIA M iliyofuata ilikuwa na chipu iliyosaidia kufungua video ya MPEG-2, yaani ile ya DVD. Kwa sebule ya wakati ule, hiyo ilitosha. Lakini nguvu? Hapana. Prosesa yenyewe ilikuwa dhaifu, na huwezi kuing'oa uweke nyingine.

Upande wa pili walikuwa watu wa kasi. Hawa shujaa wao alikuwa Celeron 300A ya mwaka 1998. Ilitoka kiwandani ikiwa na megahezi 300, ambazo ni 66 za basi mara nne na nusu. Ukiibadilisha basi iwe 100, prosesa nyingi za aina hiyo zilifika 450 bila kulalamika, zikashindana na Pentium II iliyouzwa bei ya juu zaidi. Bodi kama ABIT BH6 zilikuruhusu kufanya hivyo ndani ya BIOS, bila kugusa bisibisi. Ila BH6 ilikuwa ATX kamili. Mtu wa kasi alihitaji nafasi: ya vipande vya kurekebisha umeme, ya sahani za kupozea, ya feni zinazovuma. Hakuna mke wala mama ambaye angekubali makelele hayo karibu na kochi lake.

Kwa nini bodi haikuweza kuwa ndogo na yenye nguvu kwa pamoja? Sababu kubwa ni chipu moja iliyoitwa daraja la kaskazini. Huyu alikuwa dalali kati ya prosesa, memori na kadi ya grafiki. Dalali alikula nafasi, na alitoa joto. Mfano mzuri ni bodi ya Intel D945GCLF ya mwaka 2008, Mini-ITX iliyobeba prosesa ya Atom 230. Atom ile ilikadiriwa wati 4 tu, lakini chipu ya 945GC iliyokaa kando yake ilizidi wati 20. Kwa hiyo feni ilifungwa juu ya dalali, na prosesa ikaachiwa kipande cha chuma tu! Na kwa joto hilo lote, video ya H.264 ya mistari 1080 iliishinda. Mwaka 2009 NVIDIA ilileta Ion, iliyounganisha Atom na grafiki ya GeForce 9400M, na hapo Atom ikaanza kuonyesha sinema hizo vizuri.

Lakini dawa ya kweli ilikuwa kumwondoa dalali. AMD walitangulia mwaka 2003 kwa kuhamishia usimamizi wa memori ndani ya prosesa ya Athlon 64. Intel wakafuata mwaka 2008. Mwaka 2009, kwenye prosesa za chipseti ya P55, hata njia ya kadi ya grafiki ikaingia ndani ya prosesa, na dalali akakosa kazi. Bodi ikabaki na chipu moja. Ghafla sentimita 17 zikawa na nafasi ya soketi ya prosesa kubwa, na kampuni ya DFI ikatoa Mini-ITX ya P55 iliyolenga watu wa kasi.

Hapa ndipo penye somo, msomaji wangu. Kilichoondoka kwenye bodi hakikupotea. Kilihamia ndani ya prosesa, na ufunguo ukahama nacho. Mwaka 2011 prosesa za Sandy Bridge zilipotoka, grafiki nayo ilikuwa ndani ya kipande kile kile. Saa ya msingi ikawa imefungamanishwa na karibu kila kitu, kwa hiyo ule ujanja wa Celeron wa kupandisha basi ukafa. Njia ya maana iliyobaki ilikuwa kununua prosesa yenye herufi K, tena kwenye chipseti iliyoruhusiwa. Zilipotoka zilikuwa mbili za kuchagua. H67 ilikupa video ya ndani lakini ikakataza kuisukuma prosesa. P67 iliruhusu kuisukuma lakini ikaizima video ya ndani. Mshika mbili kweli! Mwaka 1998 uhuru huo mtu aliupata kwa prosesa ya bei nafuu. Mwaka 2011 uliuzwa kwa herufi.

Mwezi Mei mwaka huo huo ikaja Z68, ikaruhusu yote mawili. Zotac na ASRock wakaiweka kwenye Mini-ITX. Mwaka 2012 ASUS P8Z77-I Deluxe ikatatua tatizo la nafasi ya vipande vya umeme kwa kuvipanga kwenye kadi ndogo iliyosimama wima, kama mji uliokosa ardhi ukaanza kujenga ghorofa.

Kwa hiyo nimebadilisha jibu langu kwa rafiki yangu. Unaweza kushika zote mbili, ila usianze na rula. Anza kwa kusoma jina la chipseti. Kwa Intel, tafuta herufi Z na prosesa yenye K. Kwa AMD, tangu mwaka 2017 hata chipseti ya kati kama B350 iliruhusu kusukuma prosesa, lakini A320 ya bei ya chini haikuruhusu. Kisha tazama sehemu ya umeme ya bodi na sahani yake ya kupozea. Mwisho ndipo upime kasha.

Sentimita 17 hazijabadilika tangu mwaka 2001. Kinachobadilika ni nani aliyeshika ufunguo. Hakikisha umeuona kabla hujatoa pesa mfukoni.