Machimbo ya Bamburi

Haller Park, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, ilianza kama shimo. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, kilichoanza kazi mwaka 1954, kilichimba mawe ya matumbawe hadi karibu na maji ya chini, kikaacha ardhi kame yenye chumvi. Mwaka 1971 René Haller, Mswisi, alijaribu aina 26 za miti. Zikastahimili 3, na uliofana hasa ni mvinje. Ila majani yake makavu hayakuoza. Dawa ikawa majongoo, wadudu wa kudharauliwa: wakayatafuna, kinyesi chao kikawa udongo. Mabwawa yakafuata, na samaki, ndege na viboko. Umma ulifunguliwa njia mwaka 1984. Watalii wanaokimbia baridi ya Ulaya hupatembelea wakati wa kaskazi.