Wasee wa Nabugoye

Hapa Runyenjes Mkorino akipanda matatu na kilemba chake cheupe, hakuna mtu anatoa simu ampige picha. Tumewazoea. Lakini huko Pennsylvania, Marekani, Waamish na vigari vyao vya farasi wanavuta mamilioni ya watalii kila mwaka. Nikajiuliza, huku kwetu Afrika Mashariki kuna kijiji gani cha dini ambacho mgeni anapanda ndege kuja kukiona?

Kiko. Ukivuka Malaba si mbali, ni pale Mbale, Uganda, kwa kilima cha Nabugoye. Wanaitwa Abayudaya, yaani Wayahudi kwa Kiganda.

Hii stori inaanza na jenerali. Semei Kakungulu, Mganda, aliwapigania Waingereza akawatekea sehemu kubwa ya mashariki ya Uganda. Alitarajia wamfanye mfalme huko. Wakampunguza cheo badala yake. (Mkoloni na shukrani, unajua vile huenda.) Akajitenga, akaingia dhehebu la Bamalaki waliokataa dawa za hospitali, akazidi kusoma Biblia ya wamishonari, hasa Agano la Kale. 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe. Wenzake wakamwambia hiyo ni ya Wayahudi. Akaona basi, yeye ni Myahudi. Hakuna mtu alimtuma. Alifariki 1928.

Halafu akaja Idi Amin. Akapiga marufuku dini yao, masinagogi yakafungwa, watu wakaomba kwa kujificha. Wengi walibadili dini, na kutoka maelfu wakabaki kama mia tatu. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na jioni hiyo ndiyo Pasaka ya Kiyahudi ilikuwa inaanza. Hebu fikiria walivyoila hiyo Pasaka!

Wageni walikuja baadaye: marabi, wanafunzi, watalii wa kamera. 2003 nyimbo zao zikatoka kwa albamu Marekani, ikateuliwa kuwania Grammy. Gershom Sizomu akasomea urabi Los Angeles, akatawazwa 2008, na 2016 akachaguliwa mbunge.

Sasa, hapa ndio mimi nawapea heko. Mtalii akishapiga picha anaenda, na kijiji kinabaki vile kilikuwa. Hawa hawakukaa wakingoja hiyo picha. J. J. Keki, mmoja wao, alikuwa New York siku majengo yale mawili yalianguka, Septemba 2001. Akarudi nyumbani akaenda mlango kwa mlango kwa majirani Waislamu na Wakristo, na 2004 wakaanzisha ushirika wa kahawa, Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Mnunuzi wao alikuwa California, na hiyo stori yao ilienda pamoja na kahawa.

Baba yangu amepeleka kahawa faktori tangu nizaliwe. Hajawahi kujua nani huinywa, na huyo anayeinywa hajawahi kusikia kuna mahali panaitwa Runyenjes.